Mwalimu binafsi wa Kihispania: saa yake itumike vipi hadi ulimi ufunguke?

nyayo_za_nyumbu

Wakuu, habari za humu.

Kazi ni kuongoza watalii, kanda ya kaskazini. Kihispania kimefika pale ambapo maandishi yanaeleweka na salamu zinatoka, ila mgeni akitupa swali la pili tu, kimya. Programu ya simu imenifikisha hapo na haisogei tena. Nataka mwalimu binafsi wa mtandaoni, mara mbili kwa wiki, Januari hadi mwisho wa Juni, kabla nyumbu hawajafika Mto Mara na kazi kuchanganya.

Maswali yangu:

Saa moja ya somo igawanywe vipi? Bora mwalimu wa Hispania au wa Amerika ya Kusini? Dalili gani zinaonyesha kwamba mwalimu anakula hela tu? Halafu wengi wanafundisha kwa kupitia Kiingereza, je, kuna madhara kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili?

Wanaofundisha au waliosoma kwa mtindo huu naomba mwongozo.

kalamu_nyekundu

Mkuu, anza na hesabu. Januari hadi Juni ni wiki 26, yaani masomo 52 kama hukosi hata moja. Toa siku za porini zisizo na mtandao, bakiza 40. Saa 40 ni chache mno kuzimaliza kwa kusomewa kanuni ambazo zimo kwenye kitabu chochote cha sarufi. Kanuni zisome mwenyewe usiku wa kuamkia somo. Mwalimu unamlipa akusikilize ukizivunja.

Dakika 60 zigawe hivi. Tano za mwanzo ni porojo, habari za juzi na jana, bila kusahihishwa. Kumi zinazofuata ni makosa ya somo lililopita: anakuonyesha picha au anakupa hali, wewe unatoa sentensi iliyokushinda wiki iliyopita, haraka haraka. Ishirini ni zoezi moja la kazini kwako, kwa mfano kumpokea mgeni uwanja wa ndege au kumweleza kwa nini leo hamwendi kreta. Kumi na tano za kurekebisha. Kumi za mwisho unarudia zoezi lile lile tangu mwanzo. Hizi za mwisho ndizo walimu wengi wanazila kwa kisingizio cha muda kuisha, wakati ndizo zinazohamisha sentensi kutoka kwenye karatasi kwenda mdomoni. Afadhali mfute porojo kuliko kufuta marudio.

Uone kwa karibu. Picha ni simba kalala chini ya mti. Mwanafunzi anasema: "La león es durmiendo debajo el árbol." Mwalimu mzembe anajibu "muy bien", maana ameelewa. Mwalimu wa kweli anaandika kwenye hati mnayoiona wote wawili, safu mbili, ulivyosema na ilivyotakiwa: "El león está durmiendo debajo del árbol." Makosa ni matatu. León ni ya kiume, jike ni leona. Vitenzi vya "kuwa" ni viwili, na jambo linaloendelea sasa hivi linabebwa na estar (está), si ser (es). Na debajo hudai de, kisha de na el huungana kuwa del. Maelezo yasizidi hapo. Baada ya dakika kumi picha inarudi, na safari hii unatakiwa uitoe sentensi bila kuitazama hati. Baada ya masomo kumi hati hiyo itakufaa kuliko kitabu chochote, kwa sababu ina makosa yako wewe.

Kuhusu kula hela: rekodi somo kwa ruhusa yake, chukua dakika 10 za katikati, pima kwa saa. Ukiwa umeongea chini ya dakika 5, mwambie. Somo linalofuata hali ikiwa ile ile, badilisha mwalimu. Wala usidanganyike na bei ya saa nzima. Dola 12 kwa saa ambayo umeongea dakika 15 ni senti 80 kwa kila dakika ya mdomo wako. Dola 18 kwa saa ambayo umeongea dakika 36 ni senti 50. Huyo wa pili ndiye rahisi.

dafu_na_embe

Naongezea upande wa matamshi, kwa sababu hapa mtu wa Kiswahili ana mtaji ambao walimu wengi hawaujui, wanamfundisha kama Mwingereza.

Irabu ni tano, a e i o u, zile zile zetu. Usimruhusu akupotezee hata nusu somo hapo. Ñ ni "ny" ya nyumba. J ni "kh" ile ya Kiarabu, kama anavyoitamka mtu wa pwani akisema Khamis bila kuifanya H. D ikiwa katikati ya irabu hulegea ikawa "dh" ya dhahabu: nada, todo, cansado. G vilevile hulegea ikawa "gh" ya ghali: lago, amigo. Z, na C ikifuatwa na e au i, kwa sehemu kubwa ya Hispania ni "th" ya thelathini. Amerika yote ya Kihispania ni S. H haitamkwi kabisa. (Waliozoea kusema "zahabu" na "selasini" itabidi warudi madrasa kwanza.)

Sasa panapouma.

Kwanza, mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania nacho hufanya hivyo neno likiishia na irabu, n au s, kwa hiyo maneno mengi utayapata bure. Shida ni pale alama ya mkazo inapokaa mwishoni. "Llego" ni ninafika, "llegó" ni alifika. Ulimi wetu unavuta yote mawili nyuma, na mgeni anasikia wakati mwingine, nafsi nyingine. Mwambie mwalimu akupe imla ya jozi kumi kila somo kwa mwezi mzima: hablo/habló, paso/pasó, bajo/bajó. Wewe unaandika, halafu unamsomea yeye aandike. Akiandika tofauti na ulichokusudia, mkazo wako bado.

Pili, silabi zinazoishia na konsonanti. Ulimi wetu unapenda kuchomeka irabu, comer inakuwa "komeri", hablar inakuwa "abulari". Irabu hiyo ya ziada inahamisha na mkazo, ndiyo maana mtu anaweza kusema neno sahihi na asieleweke.

Tatu, "tiene" ni silabi mbili, tye-ne, si ti-e-ne. "Bueno" ni bwe-no, anza kama unataka kusema bweni.

Nne, r. Pelo ni nywele, pero ni lakini, perro ni mbwa. Ambaye lugha yake ya nyumbani haitenganishi r na l aanze na hili wiki ya kwanza kabisa. Kwa rr usikazane na perro peke yake. Tamka "tr" na "dr" mfululizo, tren, tres, drama, ukiisukuma pumzi hadi ncha ya ulimi ipige zaidi ya mara moja.

Vaeni hedifoni zenye waya. Spika ya simu inameza mkazo na s za mwisho, mwalimu anadhani umekosea kumbe mtandao umekula.

mwana_ngeli

Swali la Kiingereza ndilo zito kuliko yote na watu wamelipita.

Madhara yapo. Mambo mengi ya Kihispania ni magumu ukiyatazama kwa Kiingereza, ukiyatazama kwa Kiswahili ni ya kawaida. "Tengo hambre", nina njaa. "Tengo 30 años", nina miaka 30. "Tengo sueño", nina usingizi. Anayepitia Kiingereza anasema "soy hambre" na kujigeuza njaa yenyewe.

"Me gusta el café" inawasumbua watu miezi. Kwa Kiswahili ni kahawa inanipendeza. "Me gustan los elefantes", tembo wananipendeza. Kinachopendeza ndicho mtendaji, kitenzi kinakifuata kwa umoja na wingi. Hakuna la kueleza zaidi.

Ser na estar: utaambiwa ser ni ya kudumu na estar ni ya muda. Tupa. Kufa ni kwa kudumu na bado husemwa "está muerto". Jaribu hivi. Ukitumia "ni", nenda kwa ser: ni mwalimu, es profesor. Ukitumia "yuko, liko, zipo", nenda kwa estar: está en el campamento. Ukitumia "-me-" ya hali, nenda kwa estar: amechoka, está cansado; amekaa, está sentado; amekufa, está muerto; mlango umefungwa, la puerta está cerrada. Kuna mtego mmoja wa kazini kwako: mahali pa tukio huchukua ser. Hoteli iko hapa, "el hotel está aquí", lakini chakula cha jioni kitakuwa hotelini, "la cena es en el hotel".

Upatanisho wa sifa usikutishe. Aliyezoea kitabu kizuri, vitabu vizuri, gari zuri, hawezi kushindwa na makundi mawili, ya kiume na ya kike. La kuangalia ni kwamba majina mengi ya wanyama yana jinsia moja tu hata mnyama awe dume: la jirafa, la cebra, la hiena. Twiga dume ni "la jirafa macho". Na águila ni ya kike lakini kwenye umoja inavaa el: el águila, las águilas. Nyumbu ni ñu, wingi ñus.

Kwa hiyo mwalimu si lazima ajue Kiswahili. Wewe tu andika maana kwa Kiswahili kwenye hati, na somo lenyewe liende kwa Kihispania. Kiingereza kiwe cha dharura.

stendi_kuu

Mnamchanganya jamaa. Hakuna mtoto aliyejifunza lugha kwa sarufi. Atafute mwalimu wa kupiga naye stori, sarufi itakuja yenyewe.

mwana_ngeli

@stendi_kuu mtoto anasikia lugha mchana kutwa kwa miaka. Huyu ana saa 40.

Nikupe mfano mmoja kwa nini "itakuja yenyewe" haimfai. Mwongoza watalii anahitaji makatazo kuliko kitu chochote: msishuke garini, msisimame, msitoe mikono nje, msiwape nyani chakula. Makatazo ya Kihispania hutumia umbo ambalo vitabu vingi huliweka mbali sana, ukurasa ambao mwanafunzi wa mara mbili kwa wiki hataufikia kabla ya Juni. Kwenye porojo halijitokezi, kwa sababu hakuna anayemkataza rafiki yake kushuka kwenye gari wakati wa kupiga stori.

Kumbe umbo lenyewe tunalo. Kiswahili kinabadilisha a ya mwisho kuwa e: mnashuka, msishuke, unatazama, nataka utazame. Kihispania kwenye vitenzi vya -ar kinafanya hivyo hivyo: bajan, no bajen, miras, quiero que mires. Vitenzi vya -er na -ir vinakwenda kinyume, e inakuwa a: comen, no coman, abren, no abran. Na linatokea sehemu zile zile tunazotumia -e sisi: baada ya kutaka, baada ya kuomba, baada ya "ili". "Para que vean mejor", ili waone vizuri zaidi.

Mwambie mwalimu hili liwe somo la pili au la tatu, si la thelathini. Akikuambia "hilo bado, ni la ngazi ya juu", mwonyeshe orodha yako ya makatazo kumi. Akikataa bado, huyo anafuata kitabu chake, hafuati kazi yako.

Zamu ya kwanza utakwama kwa vitenzi visivyofuata kanuni: no salgan (msitoke), no hagan ruido (msipige kelele), no se pongan de pie (msisimame). Hivyo vikariri kama vilivyo.

baridi_ya_madrid

Kuhusu Hispania au Amerika, kaka, tazama kwanza kampuni unayofanyia kazi inaleta wageni wa wapi. Hilo ndilo jibu.

Tofauti inayokugusa ni "ninyi". Hispania wana vosotros kwa watu waliozoeana: "no bajéis", "mirad a la derecha". Amerika yote ni ustedes: "no bajen", "miren a la derecha". Kama wageni wamechanganyika, jifunze kuongea kwa ustedes peke yake. Kwa Mhispania itasikika kama adabu, si kosa. Ila masikio yazoee vosotros, kwa sababu wao kwa wao watasemezana hivyo mbele yako, na watakuuliza hivyo wewe na dereva wako.

Maneno: gari ni coche Hispania, carro Meksiko na Kolombia, auto Ajentina. Darubini utasikia prismáticos, binoculares au largavistas. Na coger, tahadhari. Hispania ni kuchukua au kushika, neno la kila dakika. Ajentina na Meksiko ni tusi la chumbani. Sema tomar popote, hautaharibu.

Mwalimu wa Ajentina si mbaya hata kidogo, lakini atakuambia "vos tenés" badala ya "tú tienes", na ll yake inasikika kama "sh". Kwa anayeanza napendelea Mkolombia wa Bogotá au Mhispania wa Castilla, kwa kuwa s za mwisho zinasikika. Wa Karibiani na wa Andalucía wanazimeza. Hao watafute mwezi wa tano kwa ajili ya kuzoeza sikio. Na asikuambie mtu Kihispania ni cha mabara mawili tu, Guinea ya Ikweta nako ni lugha rasmi na mwalimu wa Malabo anafaa.

Usisahau namba. Mgeni anauliza urefu wa mlima: 5,895, "cinco mil ochocientos noventa y cinco". Elfu moja ni "mil" tupu, anayefikiri "elfu moja" husema "uno mil". Na 500, 700, 900 zina sura zao: quinientos, setecientos, novecientos. Ukimwandikia, kumbuka kwamba Hispania mkato ni wa desimali. 5,895 kwake ni chini ya sita.

nyayo_za_nyumbu

Nashukuru sana wakuu, nimeandika kila kitu. Bado mawili. Somo la majaribio nilipimeje, maana ni nusu saa tu? Na je, kuna haja ya mtihani wa cheti?

kalamu_nyekundu

Nusu saa inatosha. Mtumie kabla ujumbe mfupi: kazi yako, tarehe ya mwisho, na mambo matano unayotaka uweze kusema. Akianza somo kwa alfabeti au rangi, hakuusoma.

Ndani ya somo mpige swali moja: kwa nini "gracias por venir" na si "gracias para venir"? Aliyefunzwa atasema por inabeba sababu, para inabeba lengo, kisha atakupa mifano mitatu ya kutunga mwenyewe. Ambaye amezaliwa tu na lugha atasema "ndivyo inavyosikika". Si mtu mbaya, anafaa kwa maongezi ya mwezi wa tano na wa sita, kwa bei ya chini.

Mwisho wa nusu saa tazama kama ameandika makosa yako popote. Asipokuwa na hata moja, hakukusikiliza.

Usinunue fungu la masomo 20 hata punguzo likiwa tamu. Nunua manne, kisha manne. Soma masharti ya kuahirisha kabla ya kulipa, hasa kazi yako ambayo ratiba hubadilika jioni kwa kesho yake. Mengi hudai taarifa ya saa 12 au 24 kabla, la sivyo somo limeliwa. Siku za porini badala ya somo kubalianeni ujumbe wa sauti wa sekunde 60, mara tatu kwa wiki: unaeleza ulichokiona leo bila kuandika kwanza, unatuma ukipata mtandao, anakurudishia masahihisho kwa sauti. Mlipe kazi hiyo. Akifanya bure ataacha wiki ya tatu.

Cheti: kama mwajiri hakidai, acha. Kama anadai, DELE, cheti cha Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya lugha, haiishi muda, ila unachagua ngazi moja na unafaulu au unafeli. Kwa B1 (ngazi ya kati), kwa mfano, unahitaji 30 kati ya 50 kwenye kila kundi kati ya makundi mawili ya mtihani. SIELE, mtihani mwingine wa Kihispania, haina kufeli, inakupa pointi na ngazi, inadumu miaka mitano, na inawezekana kufanya sehemu ya kuongea peke yake. Kwa kazi yako hiyo ya pili ina mantiki zaidi. Lakini wiki za kujiandaa na mtihani zinakula wiki za msishuke garini.

baridi_ya_madrid

Na saa za somo, kaka, kabla hujalipa.

Sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele ya Hispania saa mbili wakati wa baridi na saa moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo katikati ya mpango wako somo litahama lenyewe, na mwalimu anaweza asikumbuke kukuambia. Malabo ni saa mbili mwaka mzima. Buenos Aires tumewatangulia saa sita, Bogotá saa nane, Jiji la Meksiko tisa. Ukitaka kusoma asubuhi kabla ya kazi, kwa walimu wa Amerika ni usiku. Ukitaka saa mbili usiku, Bogotá ni saa sita mchana, muda mzuri kwa wote wawili.

Makubaliano yaandikwe kwa tarakimu za saa 24: 20:00 ya Dar es Salaam. Mwalimu akisema "a las ocho" na wewe ukaandika saa nane, mmeshapotezana kwa saa sita.

Mtego huo huo unakusubiri kwa wageni. Mwambie mwalimu akurushie nyakati kumi haraka haraka kila somo, anasema saa ya Kiswahili kwa tarakimu, wewe unajibu kwa Kihispania: tunatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, "salimos a las seis y media de la mañana". Ukisema "a las doce y media" kwa sababu kichwani ni kumi na mbili, gari litangurumishwa alfajiri na wageni wako watashuka saa sita na nusu mchana.

Kesho asubuhi ni "mañana por la mañana". Neno moja mara mbili, na yote mawili yanahitajika.

nyayo_za_nyumbu

Saa kwa saa 24, ustedes peke yake, makatazo somo la pili. Nawaandikia walimu watatu leo na orodha ya makatazo kumi.

mwana_ngeli

Weka na la kumi na moja: "no cierren la puerta tan fuerte", msiubamize mlango. Landcruiser itakushukuru.